Dada Yunis Alipoanguka

Ilianza siku ya Ijumaa, saa mbili na robo asubuhi, na ilianza kwa harufu ya dawa ya viatu. Saa naijua kwa sababu basi la kanisa lilikuwa linakuja saa mbili na nusu, na mama alikuwa akitutangazia saa kama redio huku ananibana nywele. Harufu naijua kwa sababu hadi leo nikipita mahali mtu anapong'arisha viatu, kitu ndani yangu kinazima. Siyo kwamba nahuzunika. Nazima tu, kama taa za korido ya jengo letu, zile zinazozima zenyewe ukisimama bila kutikisika.

Sasa nina miaka kumi na saba. Siku ile nilikuwa na tisa. Mimi ni mtu wa kuandika kuliko kusema. Mwalimu akitazama upande wangu natamani aliite jina la jirani. Kwa hiyo msitegemee vishindo. Nitawaambia polepole, kama watu tuliokaa mkeka mmoja.

Tuliishi Dubai, mtaa wa International City, upande wa Ugiriki. Majengo ya kule yamepewa majina ya nchi, kwa hiyo sisi tulikaa Ugiriki, Mama Kevo wa kanisani alikaa Uhispania, na vitunguu tulinunua Uajemi. Nilipokuwa mdogo nilidhani nimeshaimaliza dunia. Nyumba za kule ni za bei nafuu kwa sababu ni mbali na kila kitu, na kwa sababu upepo ukigeuka unakuletea mezani harufu ya majitaka, mgeni anakuuliza kwa macho kama ni wewe. Tulikuwa na chumba na sebule. Chumbani tulilala mimi, mama na baba, ambaye alikuwa dereva wa lori na mara nyingi hayupo. Sebule ilikatwa kwa mbao, na nyuma ya mbao, kwenye kile ambacho Dubai nzima inakiita patisheni, alikaa Dada Yunis.

Hakuwa ndugu yetu wa damu. Yeye alitoka Njombe, mama ni wa Tukuyu, na ugenini hiyo inatosha kuwa undugu. Alifanya kazi kwenye shule ya chekechea, kubadilisha nepi na kubembeleza watoto wa watu. Kanisani aliimba sauti ya kwanza, na akiimba alikuwa anafumba jicho moja, sijui kwa nini. Kila asubuhi alimeza vidonge alivyosema ni vya damu. Bafuni hakuwa anafunga komeo. Mama alimgombeza kwa hilo kila wiki, naye alikuwa anajibu hivyo hivyo kila wiki, kwamba nani atajisumbua kuchungulia mbavu zake. Tulikuwa tunacheka. Mimi nilidhani ni mzaha wake tu, kama watu wengine walivyo na mizaha yao.

Alikuwa na mchumba, Kaka Gideon, Mkenya wa Kitale, mpiga kinanda wetu na msimamizi wa walinzi kwenye jengo moja la maduka. Jumatano alikuwa anakuja kula kwetu. Mama hakuruhusu wakae wawili peke yao, kwa hiyo mimi ndiye niliyewekwa katikati na daftari la hesabu, kama ukuta mfupi. Siku moja Gideon akatusimulia kwa kicheko jinsi mama yake alivyomhoji kwenye simu. Maswali ya kizee. Huyo msichana kwao kuna wachawi? Kuna wazimu? Kuna magonjwa ya ukoo? "Nikamwambia, Mathe, hakuna kitu, hawa watu wako safi kama sahani," akasema. Mama akacheka. Dada Yunis akasema ameshiba, na sahani yake ilikuwa bado imejaa.

Haya, Ijumaa yenyewe. Wakati ule Ijumaa ndiyo ilikuwa Jumapili yetu, siku ya mapumziko ya Waarabu ndiyo siku ya ibada yetu. Na Ijumaa ile tangazo la ndoa yao lilikuwa lisomwe kanisani kwa mara ya kwanza, lile la kusema mwenye pingamizi ajitokeze. Dada Yunis alivaa mapema. Akasema kichwa kimekuwa kizito, anashuka kungojea basi kwenye hewa. Baada ya muda mama akakiona kitambaa chake cha kwaya kimebaki kwenye kiti, akanituma nimpelekee.

Chumba cha Waswa kilikuwa chini, karibu na lifti. Waswa alikuwa mlinzi wa jengo letu, Mganda mrefu mwenye Kiswahili kidogo alichokiokota kazini, na sisi watoto alituita wote kwa jina moja, Toto, ili asimkosee mtu. Kila asubuhi alikuwa anang'arisha viatu vyake mlangoni. Siku ile kopo la dawa ya viatu lilikuwa limepinduka sakafuni na mlango uko nusu wazi.

Dada Yunis alikuwa amelala kwenye godoro la Waswa. Kichwa chake kilikuwa mapajani kwa Waswa. Vifungo vya shingo ya gauni vilikuwa vimefunguliwa, mguu mmoja hauna kiatu, na kiatu hicho Waswa amekishika mbele ya pua yake, kama mtu anayemnusisha mwenzake ua. Mlangoni alisimama Bi Salma wa chumba cha chini, Mzanzibari mtu mzima mwenye nywele za hina, midomo inamtembea kwa dua.

"Kaanguka, mwanangu," akaniambia. "Usiogope, keshaamka."

Dada Yunis alifumbua macho akanitazama. Hakunijua. Alinitazama kama unavyotazama ukuta ukiwa unawaza jambo jingine. Mimi nilisimama na kile kitambaa mkononi, na nadhani hapo ndipo nilipozima mara ya kwanza, kwa sababu sikumbuki kuogopa. Nakumbuka kwamba soksi ya Waswa ilikuwa na tundu kwenye kidole gumba.

Kisha macho yake yakarudi. "Atu," akasema, taratibu, kama anayejaribu jina kama linafunguka. "Usimwambie mtu. Nimeanguka tu."

Waswa akasema, "Toto, wewe panda juu. Iko sawa."

Sikupanda. Nilikwenda kusimama kwenye visanduku vya barua, ukutani, mahali ambapo watu wazima wanapita bila kukuona. Ndiyo maana nilisikia yaliyofuata.

Mama Kevo aliingia. Yeye alikuwa msimamizi wa basi na mama wa karibu kila kitu kanisani, mtu wa Eldoret, mchangamfu, mwenye mkoba unaotoa peremende na karipio kwa zamu. Akamuuliza Bi Salma kama amemwona Yunis, basi limefika, na leo ndiyo siku yake.

"Yunis kaanguka," akajibu Bi Salma.

"Ati?"

"Kaanguka, yuko kwa Waswa humo ndani. Wala si mara ya kwanza. Juzi pia kaanguka, Waswa huyo huyo ndiye alokuwa naye. Maskini, mtoto wa watu."

Hapa lazima niwaeleze jambo, la sivyo hamtaelewa. Kwenye kanisa letu mtu akiporomoka ngazi tunasema ameteleza, amejikwaa, amepigwa mweleka. Neno kuanguka lilikuwa na kazi moja tu. Fulani ameanguka: sauti inashushwa, na watoto wanatumwa maji jikoni. Ina maana ameanguka dhambini, na siyo dhambi ya wivu au uvivu, ni ile moja. Bi Salma alikuwa Mwislamu, hajawahi kukaa kwenye ibada yetu hata dakika moja. Kwake yeye mtu anaanguka kama nazi inavyoanguka, akaokotwa, yakaisha.

Mama Kevo akashusha sauti. "Kweli ameanguka? Na wewe umeona?"

"Wallahi, kwa macho yangu haya mawili."

Mama Kevo akaenda mpaka mlangoni pa Waswa. Dada Yunis wakati huo alikuwa amekaa, anafunga vifungo vya shingoni, na vidole vilikuwa havijamrudia vizuri. Waswa amepiga goti mbele yake anamvisha kiatu. Mama Kevo hakusema hata Bwana asifiwe. Alirudi mkono uko mdomoni, na mama yangu alipotoka kwenye lifti akamshika bega akamnong'oneza. Niliona uso wa mama ukifungwa, kama duka linavyofungwa kwa adhana. Akanivuta mkono hadi kwenye basi. Nilipouliza habari za Dada Yunis alisema neno moja, "Panda."

Ijumaa asubuhi barabara za Dubai ni tupu, basi linakwenda kama linateleza kwenye sabuni. Hata hivyo habari ilikuwa na mbio zaidi. Mama Kevo alipita kiti kwa kiti, eti anahakikisha watu wametimia, na kila kiti alichokiacha nyuma vichwa viwili vilisogeleana. Alikuwa anaanza vile vile kila mahali: "Mimi udaku sipendi, haki, lakini tumuombee dada yetu Yunis. Ameanguka."

Msinicheke. Mimi nilifurahi. Niliona jinsi wanavyomjali. Mtu mmoja alisema ameanguka vibaya, nami nikatikisa kichwa kukubali, maana hata kiatu kilikuwa kimemtoka. Mwingine akasema atainukaje sasa, nikawaza plasta na barafu. Nilipoona baadhi yao wamekasirika nilidhani wanamkasirikia kwa kutokuwa makini, kama mama anavyonikasirikia mimi nikivunja kikombe. Kila mtu kwenye basi lile alikuwa anasema ukweli, hiyo ndiyo shida. Mngeniita nishuhudie ningeapa pamoja nao.

Kanisani, kwenye ule ukumbi wetu wa kukodi, nilingoja tangazo la ndoa. Katikati ya wimbo wa pili mzee mmoja alimwendea Gideon akamwinamia sikioni. Gideon aliendelea kupiga kinanda, ila mkono wake wa kushoto uliacha. Wimbo ukabaki na sauti za juu tu, nyembamba, unaning'inia bila miguu, na watu wakaimba hivyo hivyo mpaka ubeti wa mwisho. Matangazo yalisomwa: mikutano ya wanawake, mgonjwa wa kutembelewa, funguo zilizookotwa. Kisha Mchungaji akakunja karatasi.

Tuliporudi, Dada Yunis alikuwa amekaa kitandani kwake nyuma ya mbao, kichwa kimefungwa kanga. Mama alisimama bila kuvua viatu.

"Yunis. Ni kweli?"

"Kweli nini, Mama Atu?"

"Kwamba umeanguka. Kwa Waswa."

Dada Yunis aliinua uso. Nilimwona akimtazama mama usoni, kwa hofu kwanza, halafu kwa namna nyingine ambayo sikuijua, kama mtu aliyekuwa anangoja kipigo na badala yake ameguswa bega.

"Nimeanguka, Mama Atu," akasema.

Jumatatu wazee wa kanisa walikuja kwetu, pamoja na Mchungaji na Mama Kevo. Mimi niliwekwa chumbani, lakini mlango wetu haukuwahi kufunga sawasawa. Mchungaji alikuwa mtu mpole, mwenye kikohozi cha kuombea radhi. Alimwambia Dada Yunis hakuna aliyekuja kumhukumu, wamekuja kumsikia kutoka kinywani mwake. Akamuuliza kama ni kweli ameanguka. Akasema ni kweli. Akamuuliza na huyo kijana Waswa je. Dada Yunis akasema Waswa hana kosa, Waswa alimwinua. Mama Kevo akaguna. Mchungaji akauliza kama anatubu.

"Naomba mniombee," akasema Dada Yunis. "Mungu anajua nilivyoanguka."

Basi wakamtenga. Hakuna kwaya, hakuna meza ya Bwana, mpaka siku atakayorudi kundini. Walisema kwa upole sana. Chai ilinywewa. Mimi nilikuwa nyuma ya mlango nachora duara juu ya duara, na bado nilikuwa nangoja mtu amuulize kama kichwa kinauma.

Gideon alikuja Jumatano, siku yake ile ile, ila sasa hakuna aliyenituma nikae katikati. Alisimama upande wa huku wa mbao. Hakutaka kuingia hata pazia lilipofunguliwa. Alisema yuko tayari kuamini kitu chochote atakachoambiwa, hata kama hakina akili.

"Niambie tu haikuwa hivyo," akasema. "Neno moja, Yunis. Moja tu, hao wengine nitadeal nao."

Hakupewa. Nilisikia mbao zikilia kidogo, nadhani alikuwa ameziegemea, halafu akamuaga mama vizuri, akanishika kichwa, akaenda. Mama alirudisha chakula chake kwenye sufuria.

Baadaye mama alimwambia Dada Yunis atafute mahali pengine. Alisema ana mtoto wa kike ndani ya nyumba. Mtoto wa kike ndiye mimi, na nilisimama pale pale nikisikia natumiwa kama sababu, na sikusema kitu, na hata sasa sijui ningesema nini maana nilikuwa nimeambiwa nisiseme. Alipoondoka alibeba begi moja na mto. Waswa hakuwepo kumfungulia mlango; wapangaji walikuwa wameshalalamika, kampuni yake ikamhamishia kwenye maghala ya Dubai Investments Park. Bi Salma naye alikuwa amehamia Sharjah kwa mwanawe. Sidhani kama alijua hadi mwisho kiapo chake kilifanya kazi gani.

Miaka ikapita na habari ikanona. Mara ikawa alikuwa na mimba. Mara ikawa wako wawili, Mganda na mwingine. Kwenye mafundisho ya vijana alikuwa mfano: walikuwa wanasema "dada mmoja, jina tumhifadhie," na kila mtu analijua jina. Mama Kevo alikuwa na methali yake, lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Siku iliposikika kwamba Yunis ameolewa na yule yule Waswa, kwao Masaka, kwenye kanisa la Kikatoliki, alishusha mkoba sakafuni akasema, "Si niliwaambia?" Na kwa kweli alikuwa ametuambia. Mimi pia nilisadiki, nilikuwa na miaka kumi na minne na nilikuwa nimeshajifunza maana ya lile neno. Nilirudi kwenye kumbukumbu yangu nikaitazama upya, vifungo, mapaja, godoro, nikasema kumbe. Kiatu tu ndicho kilichokataa kukaa. Sikupata namna yoyote ambayo watu wanaopendana wananusishana kiatu.

Jumamosi moja ya mwaka huu nilikwenda kusoma maktaba ya Al Jaddaf. Nilipotoka alasiri, kwenye benchi upande wa Khor, ule mkono wa bahari unaoingia mjini, kulikuwa na mwanamke anamlisha mtoto ndizi, amefumba jicho moja kwa jua. Ningepita. Mimi ni mtu wa kupita. Ila yeye aliita "Atu," taratibu, vile vile, na miguu yangu ikasimama kabla yangu.

Alinisogezea nafasi. Aliuliza mama hajambo, baba hajambo, nimefika kidato gani. Akasema Waswa yuko zamu kwenye mnara ule pale, anashuka baadaye kidogo, na kwamba wanafunga mizigo, wanarudi Uganda kabisa. Mtoto alinipaka ndizi kwenye sketi. Nikaona vidonge kwenye mfuko wa pembeni wa mkoba wake, vile vile, na sijui ujasiri niliutoa wapi, nikauliza kama bado damu yake haijapona.

Alicheka mpaka mtoto naye akacheka. Kisha akaacha.

"Siyo vya damu, mdogo wangu. Mimi huwa naanguka," akasema. "Kifafa. Tangu darasa la tatu."

Tukakaa. Basi la maji likapita. Akanieleza mengine bila haraka, kama anayesimulia habari za mtu wa jirani. Nyumbani alikuwa na sahani yake peke yake na kikombe chake peke yake, kwa sababu watu wanaamini udenda wake unaambukiza. Dubai ndiyo mahali pa kwanza alipokula sahani moja na wengine, kwetu, na mimi. Waswa alimkuta ameanguka mara ya kwanza kwenye maegesho ya chini ya jengo. Dada yake Waswa alikuwa na ugonjwa huo huo, na mama yao alikuwa anamnusisha kiatu ili azinduke, basi naye akafanya alichoona kwao. "Kiatu hakitibu chochote," akasema. "Daktari alimcheka. Lakini ndicho alichokuwa nacho."

Mama alipomuuliza siku ile, alidhani ameshajulikana. Alidhani imekwisha: chekechea haitamwachia tena watoto mikononi, atarudishwa kwao, na kwao ana wadogo zake wawili wa kike ambao hakuna nyumba itakayowaoa ikisikika kuna kuanguka kwenye ukoo. Ndipo mama akataja Waswa. Ndipo akaelewa kwamba wanazungumzia kuanguka kwingine.

"Nikashukuru, Atu. Mungu anisamehe, nilishukuru. Dhambi ni yangu peke yangu, hata mdogo wangu haimgusi. Na aliyeanguka dhambini anatubu, anarudishwa kundini. Mimi nikisema ninavyoanguka kweli, nitatubu nini?"

Nikamuuliza Gideon je. Akasema mama yake Gideon alikuwa ameuliza maswali matatu, na yeye alikuwa jibu la moja. Hakutaka kumfanya achague. Alisema hivyo huku anamfuta mtoto vidole, kimoja kimoja. Wadogo zake wameolewa wote wawili. Waswa, baada ya kuhamishwa, alikuwa anampigia simu kila asubuhi ya Ijumaa, anamwita bibie kwa Kiganda na kuuliza jambo moja: "Nyabo, umemeza dawa?" Mwaka mzima hakuuliza lingine. Mwaka wa pili ndipo akauliza.

Nilitaka kulia, kwa adabu tu, naona ilikuwa inafaa. Haikuja. Nilimwambia naandika andika vitu. Akasema niandike nikitaka, hana tena mtu wa kumficha. "Lakini mwambie mama yako kwanza. Asije akasikia kwa watu."

Kwenye metro nilisimama njia nzima ingawa viti vilikuwepo. Niliwaza kuhusu lile neno. Nilipokuwa na miaka tisa nililielewa sawasawa na nikawa sijui chochote. Nilipofika kumi na minne nililielewa kama kila mtu, na nikapotea kabisa. Hakuna aliyemsingizia. Laiti mtu angedanganya, kungekuwa na uongo wa kufichua, na mtu wa kuomba msamaha. Lakini Bi Salma alisema alichoona, Mama Kevo alisema alichosikia, na Dada Yunis alijibu alichoulizwa mbele ya Mchungaji bila kuongeza hata herufi. Jina la mtu lilibomolewa kwa ukweli mtupu, tena na watu waliokuwa wanaomba. Nimelitafuta hilo likae wapi ndani yangu, bado sijapata mahali.

Asubuhi yake, Jumapili, ambayo siku hizi ndiyo siku yetu ya ibada, kabla ya kanisa, mama alikuwa jikoni anamenya viazi vya mchana. Nilisimama mlangoni nikamwambia. Nilimwambia yote, kutoka kwenye kiatu mpaka sahani ya peke yake, kwa sauti ambayo hata mimi niliisikia ndogo. Hakunikatisha. Aliendelea kumenya kiazi kile kile, ganda lilikwisha naye anamenya tu, hadi kikabaki kidogo kama njugu.

"Kumbe aliniambia," akasema mama. "Nilisimama pale, nikamuuliza, akaniambia."

Nilimtoa kisu mkononi, nikavuta kigoda, nikamalizia viazi.